Injini na giaboksi vimebadilishwa, stata imenyamaza: umeme unakatikia wapi?

Injini ya zamani imeshuka, nyingine imepanda. Giaboksi ya oto imetoka, ya gia tano za mkono imekaa mahali pake. Maji yamejazwa, oili ipo, betri imechajiwa. Ufunguo unazungushwa, taa za dashbodi zinawaka vizuri, halafu kimya. Hapo ndipo wengi wanakimbilia Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi kununua stata nyingine ya mtumba, wakirudi nayo na kuifunga, kimya kinabaki kilekile. Mara nyingi stata ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Iliyobadilika ni njia ya umeme kuifikia, na njia hiyo inapimika yote kwa dakika ishirini ukijua inapita wapi.

Mfano wa makala hii ni Toyota Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, iliyokuja na giaboksi ya oto na sasa inawekewa injini ileile ya mtumba pamoja na giaboksi ya mkono. Kazi hii ni ya kawaida kwenye gereji zetu, na mantiki yake inafaa pia kwa Nissan, Subaru au gari la dizeli. Rangi za waya zinatofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo usiunganishe kwa kuangalia rangi peke yake. Pima kwanza.

Njia nene na njia nyembamba

Nyuma ya stata kuna sehemu tatu za kuunganisha. Namba 30 ni bolti kubwa inayopokea kebo nene moja kwa moja kutoka chanya ya betri, na ina moto saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Namba 50 ni kipini kidogo, nacho kinapokea waya mwembamba wa amri kutoka kwenye ufunguo. Ya tatu imeandikwa C au M: hiyo inatoka kwenye solenoidi (swichi ya sumaku iliyofungwa kwenye stata) kwenda kwenye mota, na haiguswi wakati wa kuunganisha.

Njia nene inabeba umeme wa kazi. Stata ya petroli ya kilowati 1 hadi 1.4 inakula ampia 100 hadi 200 wakati wa kuzungusha injini, na ya dizeli inavuka hapo kwa mbali. Njia nyembamba inabeba amri tu, lakini usiidharau, kwa sababu ndani ya solenoidi mna koili mbili. Ya kwanza inavuta, ya pili inashikilia. Amri ikifika kwenye namba 50, koili zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja: chuma cha ndani kinavutwa, bendiksi (gia ndogo ya stata) inasukumwa kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), na vibati vya shaba vinagusana ili kuruhusu umeme mkubwa uingie kwenye mota. Kuanzia hapo koili ya kuvuta inapumzika na ya kushikilia inabaki peke yake.

Ukishalielewa hilo, milio ya stata inasomeka. Kimya kabisa mara nyingi maana yake amri haifiki kwenye namba 50, au inafika ikiwa dhaifu mno. Mlio mmoja mzito wa "tak" na injini haizunguki: amri imefika, solenoidi imevuta, ila umeme mkubwa haupiti. "Tik-tik-tik" ya haraka ni solenoidi inayovuta, mota inaanza kula umeme, volti zinaporomoka, koili ya kushikilia inashindwa, chuma kinarudi, volti zinapanda, kinavuta tena. Hiyo ni betri iliyochoka au kiungo kibovu kwenye njia nene. Na ikisikika "wiiiii" bila injini kuzunguka, mota ni nzima ila bendiksi haishiki meno.

Giaboksi iliondoka na swichi yake

Hili ndilo chanzo cha kimya katika magari mengi yaliyotolewa oto na kuwekewa gia za mkono.

Kwenye Toyota, swichi ya ufunguo ina nyaya mbili za moto wa betri, AM1 na AM2. Ufunguo ukifika mwisho, moto wa AM2 unatoka kwenye ST2 na kuanza safari ya kwenda kwenye stata. Lakini hauendi moja kwa moja. Kwenye gari la oto unashuka kwanza hadi ubavuni mwa giaboksi, kwenye swichi ya P na N, ile inayozuia gari lisipigwe stata likiwa kwenye D. Lever ikiwa P au N, swichi inaunganisha na amri inapita. Kwenye D au R inakata.

Sasa giaboksi ya oto imetoka na swichi yake. Soketi yake inaning'inia chini ya bodi ikiwa imefungwa tepu, na njia ya amri imekatika hapohapo. Unaweza kuweka stata mpya kumi, kimya hakitaondoka.

Ifuate soketi hiyo. Ina nyaya kadhaa, nyingi zikiwa nyembamba: ni za taa za P, R, N, D kwenye dashbodi. Mbili ni nene kidogo kuliko wenzake, na ndizo za kuwashia. Kuhakikisha, mtu azungushe ufunguo hadi mwisho huku wewe ukigusa kila kipini kwa taa ya testa. Waya mmoja mnene utawaka wakati wa kupiga stata tu na kuzimika ufunguo ukirudi. Huo ndio unaotoka kwenye ufunguo. Mwenzake ndiye anayeendelea kwenda kwenye stata: ukipima kati yake na namba 50 ya stata, soketi ikiwa imechomolewa na kipini cha namba 50 kikiwa nje, mita iliyowekwa kwenye kipimo cha mlio ilie. Isipolia, kuna kituo kingine katikati, pengine rilei ya stata (swichi inayofungwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) kwenye boksi la fyuzi. Itafute kabla ya kukata waya wowote.

Watu wengi wanamaliza kazi kwa kuzifunga nyaya hizo mbili pamoja. Gari linawaka, fundi analipwa, mwenye gari anaondoka akifurahi. Usifanye hivyo, na ukiletewa gari lililofanyiwa hivyo, mwambie mwenyewe ukweli. Gari la gia za mkono lililoegeshwa kwenye namba moja litaruka mbele mara ufunguo unapozungushwa, na anayekuwa mbele yake mara nyingi ni mtoto, au fundi aliyeinama kwenye boneti. Mahali pa swichi ya P na N panatakiwa swichi ya klachi, ile inayokaa juu ya pedali na kufunga njia pedali ikikanyagwa hadi chini. Kata pedali za gari la mkono pamoja na swichi yake unaponunua giaboksi. Wauzaji wengi huiacha ikining'inia kwa sababu hakuna anayeiulizia. Ipime kabla ya kuifunga: pedali juu, mita isilie, pedali chini kabisa, ilie. Baadhi ya pedali zina swichi mbili, na ile ya juu inafanya kazi kinyume. Ukiichukua hiyo, gari litawaka tu pale usipokanyaga klachi.

Taa za rivasi nazo zilipitia soketi hiyohiyo. Kwenye giaboksi ya mkono kuna swichi ndogo yenye nyaya mbili, imefungwa kama bolti. Unganisha waya wa moto wa rivasi na waya wa taa za nyuma kwenye swichi hiyo, basi.

Kontroli boksi nayo inasikiliza

Kwenye njia hii ya amri kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ina masikio mawili. Waya wa STA unaiambia kwamba stata inapigwa, kwa kuipa volti za betri wakati huo tu. Katika Toyota nyingi za miaka ya 90, waya huu unaongeza petroli ya kuwashia injini ikiwa baridi, na kwenye baadhi yake moto huohuo ndio unaoishtua rilei ya pampu ya petroli. Ukiuacha nje, gari litazunguka sana asubuhi kabla ya kushika.

Sikio la pili ni NSW, na lipo kwenye kontroli boksi za oto. Gari likiwa P au N, volti za waya huu zinavutwa chini kupitia koili ya stata au rilei yake; likiwa kwenye gia, zinapanda karibu na volti za betri. Ukibaki na kontroli boksi ya oto kwenye gari la mkono, waya huu ukielea, kontroli boksi inaamini gari liko kwenye D muda wote na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga aksileta) inavurugika. Njia safi ni kutumia kontroli boksi ya gari la mkono. Usipoipata, waya wa NSW ukatwe karibu na kontroli boksi, na kipande kinachoingia kwenye boksi kipelekwe ethi, yaani kwenye chuma kilichoungwa na hasi ya betri. Sisitizo liko kwenye kukata. Ukiupeleka ethi bila kuutenganisha na njia ya amri, siku ya kwanza ya kupiga stata utaunguza fyuzi au waya.

Weka rilei

Katika magari mengi ya zamani, umeme wote wa solenoidi unapita kwenye swichi ya ufunguo, soketi, swichi ya gia, kisha ndiyo ufike. Gari la miaka 25 lenye vipini vilivyopauka linapoteza volti 3 au 4 njiani, na solenoidi inayotakiwa kuvuta kwa volti 8 inapata 7. Ndiyo sababu gari linawaka asubuhi na kukataa mchana kwenye joto. Kwa kuwa tayari umeifungua njia hii, weka rilei ya pini nne ya ampia 30 au 40.

Pini 30 inapokea moto kutoka betri kupitia fyuzi ya ampia 30, waya wa milimita 4 za mraba. Pini 87 inakwenda namba 50 ya stata, waya wa unene uleule. Pini 86 inapokea amri kutoka kwenye swichi ya klachi. Pini 85 inakwenda ethi kwenye bodi. Kwa 86 na 85 waya wa milimita 1 ya mraba unatosha, maana koili ya rilei inakula chini ya robo ya ampia. Waya wa STA uuache upande wa 86. Ukipewa rilei ya pini tano, ile ya katikati, 87a, iache wazi: ina moto rilei ikiwa imelala, na ukiifunga kwenye stata injini itaanza kuzunguka mara tu unapounganisha betri.

Fyuzi iwe karibu na betri, isiwe karibu na stata. Waya wa 87 uupitishe mbali na eksozi na uuvalishe bomba la kuzuia joto.

Ethi inayosahaulika

Injini imekaa kwenye mipira. Haina njia nene ya chuma kwenda kwenye bodi isipokuwa kebo za ethi, na wakati wa kushusha injini kebo hizo hufunguliwa mapema na kukumbukwa mwisho, au hazikumbukwi kabisa. Ampia 150 zinazoingia kwenye stata lazima zirudi betri. Zisipoona njia nene zitatafuta nyembamba: waya wa aksileta, kebo za kubadilishia gia, ganda la waya wa sensa.

Ukiona waya wa aksileta umekuwa mgumu siku moja baada ya kubadilisha injini, uguse mara baada ya kupiga stata. Ukikuta una joto, au plastiki yake imelainika, umekwisha kupata jibu.

Kebo ya hasi ya betri iende kwenye giaboksi au bolti ya stata, na tawi jingine liende kwenye bodi. Kwa petroli tumia shaba ya milimita 25 za mraba. Kwa dizeli 35 hadi 50. Giaboksi ya mtumba inakuja na kutu nyeupe ya aluminiamu, oili iliyokauka, na wakati mwingine rangi ya fedha iliyopuliziwa ili ionekane mpya. Vyote vitatu vinazuia umeme. Piga msasa hadi chuma king'ae kwa upana wa kichwa cha kebo, kaza, kisha paka grisi juu yake.

Kupima kwa mzigo

Kosa ambalo linawapotezea watu siku nzima ni kupima upinzani wa kebo kwa mita na kuridhika. Kiungo chenye upinzani wa omu 0.02 mita ya kawaida inakiona kama sifuri. Lakini kwa ampia 150, omu hizo 0.02 zinakula volti 3 nzima. Kwa hiyo pima volti zinazopotea wakati stata inafanya kazi.

Zuia matairi, vuta breki ya mkono, weka nyutro, na chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) ili injini izunguke bila kushika. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe nusu dakika au zaidi.

Anza na betri. Ikiwa imetulia isome kama volti 12.6, na wakati wa kuzungusha isishuke chini ya 9.6. Ikishuka zaidi, malizana na betri kwanza, vipimo vingine vitakudanganya. Kisha weka waya mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, kwenye kichwa cha risasi cha betri chenyewe, siyo kwenye klempu, na mwingine kwenye bolti ya namba 30. Piga stata. Isizidi nusu volti. Hamia upande wa ethi: hasi ya betri na mwili wa stata, isizidi volti 0.3. Ukisoma volti 2 hapo, bana waya wa kubusti kutoka hasi ya betri hadi bolti ya stata na ujaribu tena. Gari likizunguka kwa nguvu, ethi ndiyo mgonjwa.

Mwisho pima chanya ya betri na namba 50 wakati wa kupiga. Ikizidi volti 1, kuna kituo kwenye njia ya amri kinachokula. Rudi nyuma hatua kwa hatua: 87, 86, swichi ya klachi, ufunguo. Kwa njia hii nyembamba usiiamini mita pekee. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haili umeme wowote wa maana. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge nyaya mbili, iwe ndiyo taa yako ya testa. Ikiwaka kwa nguvu, njia inabeba. Ikiwaka kama mshumaa, umeipata sehemu mbovu.

Usisahau alamu na kifaa cha kufuatilia gari. Vingi hukata njia ya amri chini ya dashbodi kwa rilei yake ndogo, na mara nyingi nyaya hizo zimeungwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu.

Vipimo vyote vikiwa sawa na bado unasikia "tak" moja, sasa ndiyo uifungue stata. Kwenye stata za Denso za gia, zilizojaa kwenye Toyota, kuna kifuniko cha mviringo chenye bolti tatu ndogo za spana ya 8. Ndani yake utaona vibati viwili vya shaba. Vikiwa vimeliwa upande mmoja kama sabuni iliyotumika, badilisha vibati, usibadilishe stata. Kama hata "tak" haipo ingawa namba 50 ina volti za kutosha, angalia kaboni zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka: koili ya kuvuta inapata ethi yake kupitia mota, kwa hiyo kaboni zikiisha nayo inakufa.

Hali nyingine nne

Injini inazunguka bila kushika, halafu inashika unapoachia ufunguo: koili za plagi au kontroli boksi zimeunganishwa kwenye ACC, kipini cha ufunguo cha redio na vifaa vidogo. ACC huzimika wakati wa kupiga stata. Zihamishie IG2, kipini cha ufunguo kinachobaki na moto wakati huo.

Stata inaendelea kuzunguka ufunguo ukiwa umerudi: vibati vimeganda, rilei imeganda, au waya wa 86 umeungwa kwenye IG, yenye moto muda wote ufunguo ukiwa ON. Fungua hasi ya betri haraka, usisubiri harufu. Kisha chomoa waya wa namba 50 na urudishe betri. Stata ikizunguka tena, ganda liko ndani yake. Ikinyamaza, rudi kwenye rilei na nyaya.

Stata inazunguka kwa uvivu ingawa kila kipimo ni safi: soma kibati chake cha maandishi. Land Cruiser kadhaa za dizeli kutoka Japani, kama HDJ81, zina umeme wa volti 12 kwenye gari lakini stata ya volti 24. Ukiihamisha injini hiyo bila kifaa chake cha kuunganisha betri mbili kwa mfululizo, stata haitapata nguvu kamwe. Na kama stata inalia "wiiiii" au inasaga meno, hesabu meno ya bendiksi na ya flaiwili. Giaboksi ya oto hutumia sahani nyembamba yenye ringi ya meno badala ya flaiwili, na kwenye baadhi ya injini stata ya oto na ya mkono hazina urefu sawa. Nunua stata pamoja na giaboksi iliyotoka nayo, na kabla hujalipa zikutanishe uone bolti zinakaa.